Kingamwili Zimeshuka, Lakini Dawa Haiachwi

"Daktari, kingamwili zimeshuka, si sasa niache dawa?" Swali hili limenichosha. Karatasi ya maabara inawekwa mezani, namba zimezungushiwa wino: zamani 1:320, sasa 1:32 (namba ya pili ikipungua, kingamwili zimepungua).

Hapana, usiache. Kwa mwenye NMO, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo, kingamwili dhidi ya akwaporini-4 (protini ya kupitisha maji kwenye seli) hutuambia ugonjwa ni upi. Hazitabiri utalipuka lini. Wapo wanaoshambuliwa kiwango kikiwa chini, na wapo wanaokaa miaka salama kikiwa juu. Tena huenda ni dawa yenyewe iliyozishusha, halafu wewe unataka kuiacha! NMO hailemazi kidogokidogo kama MS, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo, inavyoweza kufanya. Madhara yake karibu yote huja na shambulio lenyewe, na moja tu laweza kuondoka na jicho au miguu. Kipimo hicho kikishathibitisha ugonjwa, kukirudia kila miezi michache ni kutupa pesa na kujinyima usingizi. Mimi nauliza dalili mpya, naagiza picha ya MRI ikibidi, na nahakikisha dozi hazirukwi.

Kwa ugonjwa wa MOG, ambao kingamwili hulenga protini ya ganda la neva, mambo ni tofauti kidogo. Kurudia kipimo baada ya miezi 6 hadi 12 kuna maana, kwani kingamwili zikitoweka uwezekano wa kushambuliwa tena hupungua. Hupungua, hauishi.

Zipo na kauli nyingine ninazozisikia. "Chanya ni chanya tu." Si kwa MOG. Chanya dhaifu huonekana hata kwa wenye MS, ndiyo maana vigezo vya 2023 vya kutambua ugonjwa wa MOG vinadai dalili na picha za MRI ziunge mkono jibu la namna hiyo. Ukimpima MOG kila anayelalamika ganzi, utavuna majibu ya uongo.

"Hasi, basi sina NMO." Ulipimwa kwa njia gani, na lini? Njia ya maabara iitwayo ELISA hukosea, kipimo kinachotumia seli zilizobebeshwa akwaporini-4 ndicho cha kutegemea. Na wenzangu madaktari, damu ichotwe kabla ya kubadilisha plazma, tiba inayoondoa kingamwili kwenye damu, jamani!

"Nyurofilamenti imepanda, ni MS." Protini hii ya neva hupanda pale nyuzi za neva zinapoumia kwa sababu yoyote: kiharusi, jeraha la kichwa. Hata umri na figo mbovu huipandisha.

"Bila maji ya uti wa mgongo hakuna jibu." Kwa akwaporini-4, damu ndiyo bora. Maji hayo tunayatafutia bendi za oligokloni (alama za kingamwili zilizotengenezwa ndani ya mfumo wa neva), ambazo wengi wenye MS wanazo na wachache tu wenye NMO, na lazima zilinganishwe na damu iliyochotwa wakati huohuo.