Dhana potofu kuhusu ukoloni magharibi mwa Kenya, na ukweli wake

"Waingereza walikuja kutujengea reli."
Mjadala wa ukoloni ukianza Kisumu, hoja hii haikosi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa Ziwa Victoria Desemba 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, kwa sababu huko ndiko ilikokusudiwa. London ilitaka kushika chanzo cha Nile kabla ya mataifa mengine ya Ulaya, maana anayeshika Nile anaishika Misri, na Misri ndiko uliko Mfereji wa Suez, njia ya kwenda India. Nakuru na Kisumu zilikuwa njiani tu. Gharama ilipopita pauni milioni 5, ikabidi reli itafutiwe mizigo, na walowezi wakaalikwa kuja kulima. Mlowezi Lord Delamere peke yake alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903. Mwaka uliofuata Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa kuwapisha walowezi.

"Lakini bila wao tusingekuwa na reli wala shule."
Japani ilifungua reli yake ya kwanza mwaka 1872 kwa mkopo wa London na wahandisi Waingereza, na haikutawaliwa na mtu. Ujuzi hununuliwa. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1906, imetulea vizuri, nami naiheshimu sana, ila haihalalishi shamba la mtu kuchukuliwa.

"Walikuja kukomesha utumwa."
Wapo wamishenari walioichukia biashara ile kwa dhati. Serikali, hata hivyo, ilitwaa nchi mwaka 1895 na ikauacha utumwa wa pwani uendelee kutambuliwa kisheria hadi 1907. Huku bara ikaleta kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha akalazimika kwenda kuitafuta kwenye mashamba ya walowezi. Baadaye kikaja kipande, kitambulisho cha kazi kilichovaliwa shingoni.

"Walitupokonya kwa nguvu, lakini walitawala kwa sheria."
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 1930 sheria iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele: ikitwaliwa sehemu, wenyeji washauriwe na walipwe ardhi nyingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa: kwa uchimbaji wa madini, ardhi ingetwaliwa bila ushauri huo na bila ardhi ya kufidia. Ahadi ya milele haikumaliza miaka mitatu. Anayetaka kujua nia ya ukoloni aanzie hapo.

"Ilikuwa enzi yao, kila mtu aliona ni sawa."
Wabukusu walipigana na Waingereza kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Wanandi walipinga takriban miaka kumi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905 katika mkutano alioitwa kuzungumzia amani. Na Desemba 1921, Lundha huko Gem, wasomi vijana na wazee walianzisha vuguvugu la Piny Owacho, yaani "nchi imesema" kwa Kijaluo. Walidai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi zifungwe, na nchi iliyofanywa koloni mwaka 1920 irudishwe kuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi tu wa Uingereza, kwa sababu walielewa hatari ya koloni kwa ardhi yao. Gavana Northey alikutana nao Nyahera mwaka 1922. Kambi zilifungwa, kodi ikapunguzwa. Kuhusu koloni, alikataa.