Asilimia 33 ya nini? Dhana potofu kuhusu mafao ya kustaafu

"Nimechangia miaka 25, wananipa 33%. Hizo 67% anakula nani?" Kauli hii imezagaa makazini na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa kuwa husemwa kwa hasira, anayeisema hafiki kwenye hesabu. Tuifanye.

Hiyo 33%, iliyoanza Julai 2022 (baadaye ilipandishwa, ila hesabu inakwenda vilevile), ni asilimia ya pensheni. Haihesabiwi kwenye michango hata kidogo. NSSF na PSSSF, mifuko ya pensheni ya Tanzania, wa kwanza wa sekta binafsi na wa pili wa watumishi wa umma, hazina kibubu chenye jina lako kinachovunjwa siku ya kustaafu. Kwanza inatafutwa pensheni ya mwaka: miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Chukua 33% ya jibu, zidisha kwa 12.5, huo ndio mkupuo, yaani fedha unayopewa mara moja ukistaafu. Ile 67% inagawanywa kwa 12 na unalipwa kila mwezi mpaka siku ya kufa kwako. Anayeila ni wewe.

Chukua mwanachama wa NSSF mwenye miezi 300, wastani wa miaka yake mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni ya mwaka inakuwa 7,448,276. Mkupuo: 30,724,138. Kila mwezi: 415,862.

Sasa michango. Alianza na mshahara mdogo ukapanda taratibu, kwa hiyo tuseme wastani wa miaka yote 25 ni 700,000. Asilimia 20 yake, ndio mchango wa kila mwezi, ni 140,000, mara miezi 300 ni 42,000,000, zikiwemo za mwajiri. Mkupuo peke yake umesharudisha karibu robo tatu ya fedha hizo. Ukijumlisha na pensheni, mwezi wa 28 anakuwa amepokea zaidi ya kilichochangwa, na malipo yanaendelea. Kweli, sijaweka humo faida ya uwekezaji wala kushuka kwa thamani ya shilingi, na mwenye kutaka kulalamika ana hoja nzuri hapo. Alalamikie hapo.

Asilimia ya mkupuo imeshapandishwa tangu wakati huo, na wengi wakashangilia kana kwamba wameongezewa fedha. Pensheni inayokatwa ni ileile moja: mkupuo ukinenepa, malipo ya mwezi yanakonda. Anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha ataupenda mkupuo mkubwa. Anayetegemea dawa za kila mwezi afikirie mara mbili.

"Slipu inaonyesha nimekatwa, basi imefika." Slipu inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba fedha imetoka kwako. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuwasilisha mchango, na wapo wanaokata wakakaa nazo. Wapo pia wanaowasilisha kwa mshahara wa chini kuliko wanaolipa. Yule mwanachama wetu akiwasilishiwa kwa 800,000 badala ya 1,200,000 katika ile miaka mitatu, pensheni yake ya mwezi inashuka hadi 277,241 na mkupuo hadi 20,482,759. Hatajua mpaka afike dirishani akiwa na miaka 60. Chukua taarifa ya michango angalau mara mbili kwa mwaka, iweke kando ya slipu, linganisha mwezi kwa mwezi, jina na kiasi. Pengo ukiliona ukiwa bado kazini, mwajiri bado yupo wa kudaiwa. Kampuni ikishafungwa utahangaika.

"Nikiacha kazi nachukua changu." Hilo lilikuwa fao la kujitoa, na sheria za 2018 zililiondoa. Lililopo ni fao la kukosa ajira: 33.3% ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia miezi 18 au zaidi na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Ukiandika barua ya kujiuzulu, usilitegemee.

"Bosi ananichangia kwa hisani." Ni sheria. Sekta binafsi, wewe hukatwi zaidi ya 10%, yeye anajaza iliyobaki kufikia 20. Serikalini ni 5 kwa 15. Ukikuta umekatwa 20 yote, umebebeshwa mzigo wa mwajiri.

"Miaka 60 ikifika, pensheni ni lazima." Lazima ni kustaafu. Pensheni ya uzee inataka miezi 180 ya michango iliyofika kwenye mfuko, na ukiwa na 176 unalipwa mkupuo maalumu mara moja, biashara imeisha. Miezi minne ambayo mwajiri wa zamani hakuwasilisha inatosha kukufikisha huko, kwa hiyo slipu za ajira ya kwanza, hata zilizofifia wino, usizitupe.