Hogo Limetoka, Kiungo Hakikunjiki: Maswali Kuhusu Tiba ya Mikono

Mtu akivunjika, nyumba nzima huhesabu wiki za hogo, ile plasta ngumu. Siku linapokatwa, wengi hudhani shughuli imekwisha, kumbe mkono haufiki mdomoni au goti limegoma kabisa. Hapo daktari huandika karatasi ya kwenda "mazoezi", yaani idara ya fiziotherapia, na mgonjwa hushangaa kukuta kwamba kabla ya zoezi lolote mtaalamu anamlaza kitandani na kuanza kukishika kile kiungo kwa mikono. Hiyo ndiyo tiba ya mikono.

Picha imeonyesha mfupa umeunga. Kwa nini basi kiungo kimekakamaa?

Kwa sababu kilichokakamaa si mfupa. Kila kiungo kimefunikwa na mfuko wa nyuzi imara, na ndani yake mna ute wa kulainisha. Kiungo kikikaa wiki 6 bila kusogezwa, mfuko huo husinyaa na mikunjo yake hushikana, misuli ya jirani hunywea, na damu iliyovuja siku ya ajali huacha kovu katikati ya nyama. Hayo yote hayaonekani kwenye eksirei. Tena kuna hofu: mwili uliozoea maumivu hukaza misuli mapema, kabla hata ya kufika mahali penye kizuizi chenyewe.

Ndiyo maana mtaalamu huanza kwa kupima. Anakuomba ulegee, anakikunja kiungo taratibu hadi kinapogota, halafu anausikiliza ule mwisho kwa vidole. Mfupa ukigonga mfupa, husimama ghafla na kwa ugumu. Hapo hakuna mikono itakayosaidia, mgonjwa arudi kwa daktari wa mifupa. Mfuko uliosinyaa hunyumbuka kidogo kama mkanda wa ngozi, na hapa ndipo tiba ya mikono ina kazi. Lakini ikiwa mgonjwa anaruka kwa maumivu kabla mtaalamu hajakutana na kizuizi chochote, kinachotibiwa kwanza ni maumivu, si ukakamavu.

Anachofanya pale kitandani ni nini hasa? Mbona naona ananisukuma tu?

Unapokunja goti, mfupa wa muundi haubingiriki tu chini ya paja; unateleza pia, kwa milimita chache. Kukunja unaweza kujiamuru, lakini ule utelezi huwezi kuufanya wenyewe peke yake. Nao ndio unaopotea pale mfuko unaposinyaa. Mtu akilazimisha kukunja bila utelezi, anaubana upande mmoja wa kiungo na kuuvuta mwingine, kisha anashangaa goti limevimba jioni. Mtaalamu hushika karibu kabisa na kiungo, mkono mmoja unatuliza mfupa wa juu, mwingine unautelezesha wa chini mbele na nyuma, kwa mapigo madogo yanayorudiwa. Kwenye goti mara nyingi huanza na pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele: isiposhuka, goti halikunjiki hata uvute namna gani.

Nguvu anayotumia ina madaraja. Mpangilio unaofundishwa zaidi ulitoka kwa Geoffrey Maitland wa Australia. Daraja la 1 na la 2 ni mtikisiko mwepesi usiogusa kizuizi, kwa ajili ya kutuliza maumivu. La 3 na la 4 hufika hadi kwenye kizuizi chenyewe na kukishughulikia. La 5 ni msukumo mmoja wa haraka, na si kila kiungo wala kila mgonjwa anaufaa.

Zipo mbinu nyingine. Utasikia "kaza… kaza… haya achia": unasukuma dhidi ya mkono wake kwa sekunde chache, unalegea, naye anachukua nafasi iliyopatikana msuli ulipotulia. Kuna mbinu za Brian Mulligan wa New Zealand, ambamo mtaalamu anashikilia mfupa umeteleza kidogo wakati wewe mwenyewe unakunja. Sharti lake ni kwamba isiume, na ikiuma anabadilisha mshiko. Na kama ulifanyiwa upasuaji, kovu lililopona vizuri huchuliwa ili ngozi isigandamane na nyama ya chini.

Je, ni lazima iume ndiyo ipone? Nyumbani wamenishauri nipelekwe kwa mzee anayenyoosha.

Hapana, si lazima. Kuvutika utakusikia, na uchungu kidogo upo. Kipimo kinachofaa ni kesho yake: maumivu yakiwa yamerudi yalivyokuwa ndani ya saa 24 na uvimbe haujaongezeka, nguvu ilikuwa sawa. Kiungo kikiamka kimevimba na chenye joto, ilizidi, na mwambie mtaalamu wazi. Kukaa kimya kwa heshima hakukusaidii wewe wala yeye.

Kiwiko nakisemea peke yake. Kinakakamaa upesi kuliko viungo vingi, na hakipendi kabisa kulazimishwa. Kikiumia, halafu kikavutwa kwa nguvu au kuchuliwa kwa vidole vigumu siku baada ya siku, msuli uliopo mbele yake unaweza kuanza kuota mfupa ndani yake. Si mfano wa maneno. Ni mfupa wa kweli unaoonekana kwenye picha baada ya wiki chache, na kiwiko kilichokuwa kimekakamaa kidogo kinaweza kufungwa moja kwa moja. Wapo wazee wanaonyoosha ambao mikono yao ina hekima, sibishi. Ila kiwiko kibichi, chenye uvimbe, msimpe mtu akivute huku wawili wamemshika mgonjwa.

Kwa watoto nasisitiza zaidi. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe akavunjika juu ya kiwiko, hogo likitolewa mkono wake hautakunjuka vizuri kwa wiki kadhaa, na mama huingiwa na wasiwasi. Wengi wao hurudisha mkono kwa kucheza tu: kula kwa mkono ule, kuchota maji, kurusha mpira. Akivutwa analia, akilia anaukaza, na akiukaza safari inakuwa ndefu. Apelekwe tena akachunguzwe ikiwa mkono umepinda, vidole vina ganzi, au wiki zinapita bila badiliko lolote.

Mama yangu hakuanguka popote, lakini bega limemganda. Hawezi kusuka nywele wala kufunga kitenge mgongoni. Ana kisukari.

Maelezo hayo yanafanana sana na bega gandi, ugonjwa ambao mfuko wa bega huvimba ndani kisha husinyaa wenyewe. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wasio nacho. Dalili inayolitambulisha: hata mtaalamu akiusogeza mkono yeye mwenyewe, haugeuki kwenda nje. Anayeumwa msuli tu, mara nyingi mkono wake unasogezeka ukisogezwa na mtu mwingine.

Miezi ya mwanzo ndiyo ya maumivu, hasa usiku. Wakati huo mikono iwe myepesi, madaraja ya chini, na mama afundishwe kuuning'iniza mkono ameinama na kuupeperusha taratibu. Daktari anaweza kumchoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, nayo husaidia hasa mapema, lakini kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo apime mara kwa mara. Maumivu yakishatulia na kubaki ukakamavu, ndipo mtaalamu anaongeza nguvu. Mwambieni mama ukweli: bega hili huchukua mwaka na zaidi. Anayewaahidi kulifungua kwa vikao viwili anataka nauli yenu.

Ule mlio wa "ko!" wakati wa kunyooshwa, ni mfupa umerudi mahali pake?

Hapana. Ni gesi iliyokuwa imeyeyuka kwenye ute, inayojitokeza ghafla pale kiungo kinapotanuka. Mlio si dalili ya kupona, na kukosekana kwake si dalili ya kushindwa.

Swali kubwa ni nani asifanyiwe. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kukonda unahitaji kuchunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla mtu yeyote hajauminya. Kijana mwenye selimundu (sickle cell) anayechechemea kwa maumivu ya nyonga apigwe picha kwanza, maana kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekufa kwa kukosa damu. Vivyo hivyo aliyewahi kuugua saratani, mzee ambaye mifupa yake imekonda, na yeyote ambaye miguu inaishiwa nguvu au mkojo unampotea. Shingo kuzungushwa kwa ghafla pale kinyozi ni jambo la kuachana nalo kabisa.

Kukandwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta kunasaidia?

Joto la dakika 15 kabla ya mazoezi hulegeza misuli, na ni zuri. Usikande kiungo kilichovimba na chenye joto, wala mguu wenye ganzi, hasa wa mgonjwa wa kisukari, kwani utaungua bila yeye kujua. Mafuta kazi yake ni kufanya mkono uteleze, yawe ya nazi au ya dukani kwa bei mara kumi.

Vikao vingapi vinatosha?

Inategemea, na hapa wagonjwa wengi hukosea hesabu: wanahesabu vikao vya kitandani badala ya saa zilizobaki za wiki. Kinachopatikana kwa mikono ni cha muda mfupi kisipotumiwa. Goti limeongezeka digrii 10? Basi ukishuka kitandani tu likunje wewe mwenyewe, panda ngazi, kaa na uinuke kwenye kiti, na urudie nyumbani mara kadhaa kwa siku. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu magoti na nyonga zilizosagika unasema hivyo hivyo: tiba ya mikono ifikiriwe pamoja na mazoezi tu, si peke yake.

Lengo nalo liwe la maisha yako. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji goti likunje kama digrii 60 au 70. Ngazi hutaka kama 90 au zaidi. Choo cha kuchuchumaa, kukaa mkekani, au kikao cha kwenye sala vinataka kupita 120, na wengine hawafiki tena huko. Mwambie mtaalamu mapema choo chenu kikoje. Mwenye choo cha kukaa anaweza kuridhika na digrii 110. Anayechuchumaa hawezi, na huenda akahitaji kiti chenye tundu kwa muda.

Nitamtambuaje mtaalamu wa kweli?

Kenya wanasajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na cheti unaweza kuomba kukiona. Tanzania wengi wamesomea KCMC, hospitali ya rufaa yenye chuo huko Moshi. Zaidi ya karatasi, tazama kama anapima kiungo chako siku ya kwanza kwa goniometa, kifaa cha kupimia digrii za kukunjika, na kuandika namba, kama anauliza habari za dawa na magonjwa mengine, na kama unaondoka na zoezi la kufanya.

Naishi mbali na hospitali, siwezi kufika kila wiki.

Mwombe mtaalamu akufundishe mazoezi mawili au matatu, ndugu yako ayarekodi kwa simu, mpange kurudi baada ya wiki 3 au 4. Nyumbani pima mwenyewe. Kwa goti, kaa kwenye kiti kilichogusa ukuta, telezesha kisigino nyuma hadi mwisho bila kuinua nyonga, na uweke alama ya chaki sakafuni. Rudia kila Jumapili, kiti kile kile, mahali pale pale. Alama isiposogea kwa wiki 2 mfululizo, usingoje tarehe ya miadi.