Sukari ikipanda: maswali ya kliniki

Nitajuaje kama sukari yangu iko juu?

Mara nyingi hutajua mpaka upime. Sukari haiumi, na kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka bila mwenyewe kushtuka. Ikivuka kama 10 kwenye mashine (namba zote hapa ni za mmol/L), figo hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inatoka na mkojo na kuvuta maji. Ndipo unaamka usiku mara tatu, nne kwenda haja ndogo, unamaliza jagi la maji na kiu iko pale pale. Wengine huona ukungu, hukonda huku wanakula vizuri, husumbuliwa na fangasi wasioisha, au kidonda cha mguuni kinagoma kupona. Na sisimizi chooni? Wazee hawakukosea. Ila kutowaona sisimizi hakumaanishi uko salama.

Nimepima, imesoma 8.2. Nina kisukari?

Ulikula saa ngapi? Kama hukula chochote kwa saa nane au zaidi, 7.0 kwenda juu ni kiwango cha kisukari. Kama umetoka kula, 8.2 peke yake haitoshi kukuhukumu. Hapo tunaangalia 11.1 kwenda juu, pamoja na dalili. Usipokuwa na dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine.

Halafu, ulinawa mikono? Mama mmoja alisoma 17 akaanza kulia. Kumbe alikuwa ametoka kumenya embe. Akanawa, akakausha vidole, tukamtoboa tena: 9.

Niache ugali kabisa?

Usiache, punguza. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, tembele, kabichi. Robo iwe ugali au wali, robo iliyobaki samaki au maharage. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Mimi ninayegombana nayo zaidi ni juisi, hata ile ya kusaga nyumbani isiyotiwa sukari. Glasi moja hubeba matunda ambayo usingeyala kwa mkupuo, na hupandisha sukari upesi. Kula tunda lenyewe, kisha utembee kidogo baada ya mlo, maana misuli ikifanya kazi hutumia sukari.

Nameza dawa na sukari imekaa sawa. Naweza kuacha?

Huenda imekaa sawa kwa sababu ya hizo dawa. Metformin, kidonge cha kushusha sukari, ikikuvuruga tumbo, imeze pamoja na chakula na umwambie daktari. Usiache kimyakimya ukahamia kwenye chupa ya mizizi.

Lini nikimbilie hospitali?

Sukari ikiwa juu na mtu anatapika, tumbo linauma, anapumua haraka na kwa kina, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anasinzia na kuchanganyikiwa. Usisubiri asubuhi.

Kwa mtoto, hali hii hudhaniwa malaria. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, anakonda na kunywa maji bila kikomo, omba apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha wadudu. Na anayechoma insulini, sindano ya kushusha sukari, asiiache eti kwa kuwa hali chakula. Mwili unaougua huweza kupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Apime mara kwa mara na apigie kliniki aambiwe kiasi cha kuchoma.