Dola Zimeingia?

Juzi nateremka gatini Lamu na begi la mafaili, hata nauli ya boti sijalipa, mzee mmoja barazani akanipokea: "Karibu wakili. Dola zimeingia?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini jamani, mara ya ngapi hii twaambiwa kesi zetu zaendeshwa na dola za wafadhili?

Kufungua ombi la kikatiba hakuna ada, someni Kifungu cha 22 cha Katiba. Kinachokula pesa ni kuvusha mashahidi kumi hadi Mokowe bara, basi mpaka mahakamani Malindi, walale, wale, kisha karani aseme jaji hayupo, njooni mwezi ujao. Kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya Lamu ni ya 2012. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka 2018: shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Nani angeilisha kesi miaka sita kwa samaki wa changu na tasi?

Na mnaosema twatetea magaidi: saa 24 za kufikishwa mahakamani, za Kifungu cha 49, hazichagui mshukiwa. Tumemaliza.

Turudi kwa mfadhili. Wakfu mnaijua. Mtu akiwakifu kisima, anaweza kusema maji haya ni ya wapita njia, lakini hashiki ndoo ya mtu. Mfadhili naye aseme ruzuku hii ni ya kesi za bahari, sawa. Lakini maagizo ya kesi nayapokea kwa mteja, hata kama hanilipi senti.

Nilikuwa na mvuvi aliyekamatiwa mashua siku zile uvuvi wa usiku ulipopigwa marufuku. Waliogharamia walitaka twende mpaka hukumu, ipatikane kesi ya kunukuliwa na wengine. Upande wa pili ukaleta suluhu: mashua irudi, mashtaka yafutwe. Nikampa mteja karatasi. Akaigeuza, akatazama nyuma kama kumeandikwa kitu, akauliza, "Na mashini yake?" Nikarudi kuidai mashini. Akatia dole gumba, akaenda zake baharini. Mfadhili akanuna, na ripoti ya robo mwaka ile niliiandika kwa taabu.

Lakini marufuku ikabaki vilevile, na wenzake wakaendelea kukamatwa. Mpaka leo sina hakika kama nilimshauri vyema.

Tena mzee wa barazani hakukosea lote. Kesi za bandari na za mradi wa makaa ya mawe hupata ruzuku. Mama mmoja wa kisiwani Pate anayevutana na shemeji zake kwa nyumba ya marehemu hapati. Mimi kwa kinywa changu nimewahi kumwambia mtu, "Kesi yako haimo kwenye mradi wetu." Akasema ahsante, akachukua bahasha yake. Chuoni hawakunifundisha sentensi ile, nimejifunzia kazini.

Yule mzee nilimnunulia kahawa. Kabla kikombe hakijapoa akanisogelea: ana mpwawe, ana kesi ya kiwanja, na pesa hana.

Nikamwambia alete karatasi kwanza.