Umeme wa njia mbili katika seva ya nakala rudufu: maana yake

Seva ya nakala rudufu ni kompyuta yenye diski nyingi, inayotunza nakala za data za seva nyingine ili zirejeshwe pale zile za asili zinapofutika au kuharibika. Katika kituo cha data hufungwa ndani ya raki ya inchi 19, yaani fremu ya chuma ya kupangia vifaa, na inaposemwa kuwa ina umeme wa njia mbili, maana yake ni kwamba inalishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuibeba peke yake.

Uzito wa maana hiyo uko kwenye neno "visivyotegemeana". Seva hizi kwa kawaida huwa na pawasaplai mbili mgongoni, yaani vifaa vinavyopokea umeme wa soketi na kuulisha kwenye seva, na wengi huridhika wakiona taa zote mbili zimewaka kijani, ilhali taa haisemi umeme umetoka wapi. Waya zote mbili zikichomekwa kwenye ukanda mmoja wa soketi, au kwenye kanda mbili zinazolishwa na UPS ileile (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa kawaida unapokatika), hiyo ni njia moja yenye plagi mbili. Fundi makini hutumia waya za rangi tofauti kwa kila njia, kisha huufuata kila waya kwa mkono mpaka unakoishia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mzigo. Kwa kawaida pawasaplai hizo hugawana kazi, kiasi kwamba seva inayotumia wati 800 huvuta takriban 400 kila upande, na upande mmoja ukikatika, ule uliobaki hubeba zote 800 papo hapo. Chukua kanda mbili za soketi za ampea 16, kila moja ikisoma ampea 10: kila ukanda ukitazamwa peke yake unaonekana una nafasi, lakini mmoja ukizimika, ampea 20 humwangukia mwenzake, sakiti breka yake inakatika, na raki nzima inalala. Kwa sababu hiyo kila upande hupaswa kubaki chini ya nusu ya uwezo wake. Diski za kuzunguka nazo huvuta umeme mwingi zaidi katika sekunde za mwanzo, kwa hiyo seva nyingi huziwasha kwa zamu.

Upande wa mtandao kanuni ni hiyohiyo: kebo mbili kwenda kwenye swichi mbili za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta), na mlango wa usimamizi, yaani tundu la kebo ambalo fundi hulitumia kuisimamia seva akiwa mbali, kwenye mtandao wake wa pekee.

Uthibitisho hufanywa kabla seva haijakabidhiwa data ya kweli. Nakala ya majaribio ikiwa inaandikwa, chomoa waya wa njia ya kwanza, angalia kama uandishi unaendelea, kisha urudishe. Usiguse waya wa pili mpaka pawasaplai ya kwanza iwe imewaka kijani tena.