Saratani ya Titi, Hofu na Mazoezi ya Mwili: Maswali na Majibu

Nipo katikati ya tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani), na uchovu hauniishi hata nikilala mchana kutwa. Kwa nini niambiwe nitembee?

Uchovu huu si ule wa kutoka shambani, ambao usiku mmoja huumaliza. Mgonjwa anapolala muda mrefu misuli hulegea, kazi ndogo humchosha zaidi, naye huiacha hata hiyo, huku moyo ukizidi kuamini kwamba mwili umekwisha. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilieleza kuwa mazoezi ya wastani ya dakika 30 hivi, mara 3 kwa wiki kwa takriban wiki 12, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza kunatosha.

Nimeanza mara kadhaa nikaacha. Je, mimi ni mvivu?

Hapana. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na yale aliyokwisha kuyafanya kwa mafanikio kuliko maneno ya kutiwa moyo. Kwa hiyo anza na lengo dogo usiloweza kulishindwa, kwa mfano kufika kwa jirani na kurudi baada ya chai ya asubuhi, kisha uliongeze polepole. Siku zinazofuata dozi huwa ngumu. Kupunguza mwendo siku hizo ni sehemu ya mpango.

Mama mkwe ananikataza hata kufagia. Nimjibu vipi?

Anakupenda, na ninaamini hofu yake inastahili heshima. Hata hivyo, mwanamke anayenyang'anywa kila kazi huanza kujiona mzigo nyumbani kwake. Ukienda kliniki, iwe Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago au hospitali iliyo karibu nawe, nenda naye ili asikie ushauri kwa masikio yake. Kisha mpe nafasi: “Mama, tusindikizane hadi kisimani, wewe utabeba dumu, mimi nitatembea.” Mwenzi wa njiani husaidia pia pale mwanamke anapoona aibu kutazamwa kwa sababu nywele zimenyonyoka au titi limeondolewa.

Nikiinua kitu, je, mkono wa upande uliopasuliwa hautavimba?

Hofu hii imewafanya wengi waache kuutumia mkono, ukakakamaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliowahusu wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe huo, uligundua kwamba kuinua vyuma polepole chini ya usimamizi hakukuzidisha uvimbe. Kwa ruhusa ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), chupa ya maji ya nusu lita ni mwanzo mzuri. Dumu la lita 20 lisubiri.

Niache mazoezi lini?

Ukiwa na homa, kizunguzungu, maumivu ya kifua, pumzi kukatika au maumivu mapya ya mifupa, acha mazoezi na umwone daktari siku hiyo hiyo.